Kabla hujafowadi tangazo la mtoto aliyepotea, piga ile namba

Ujumbe wenyewe ulikuwa na picha ya binti mdogo amevaa sweta ya shule, nywele zimesukwa mistari, anaangalia kamera kama amelazimishwa kucheka, na chini maneno "Mtoto huyu amepotea leo asubuhi akiwa njiani kwenda shule, ukimuona tafadhali piga namba hii, mama yake ana hali mbaya, usikae nao tuma kwa wengine". Mimi ni mzazi. Sikufikiria mara mbili.

Ulinifikia kwenye grupu la familia ukiwa na ile mishale miwili juu yake, na nilipotaka kuufowadi WhatsApp ikawa inaniruhusu sehemu moja tu kwa wakati mmoja, nikaona huu ni usumbufu, mtoto wa watu amepotea halafu simu inanichelewesha. Nikaseivu picha, nikakopi maneno, nikayapesti upya na kuituma kwenye magrupu kumi na moja kama ujumbe wangu mwenyewe. Dakika tano hazikuisha, watu wakaanza kunishukuru, wengine wakaweka stetasi.

Jioni rafiki yangu niliyesoma naye akaniuliza inbox swali moja tu, umepiga hiyo namba?

Nilikasirika kidogo kusema ukweli, nikaona anataka kunifanya mjinga wakati mimi nasaidia. Ila nikapiga. Ikaita mara nyingi sana mpaka nikataka kukata, halafu akapokea mama mmoja, sauti imechoka, na hata kabla sijamaliza salamu akasema "Kama ni kuhusu mtoto alishapatikana, asante". Nikamuuliza amepatikana leo? Akasema hapana, alipatikana siku ileile jioni, miaka minne iliyopita, alikuwa ameshuka kituo siyo chake, watu wakamkuta analia wakampeleka kituo cha polisi. Miaka minne! Yule mtoto sasa yuko darasa la sita.

Tukaongea kama robo saa hivi na nadhani alikuwa na hamu ya kumwambia mtu. Kwamba namba hawezi kubadilisha kwa sababu ndiyo anayofanyia kazi na ndugu wote wanaijua. Kwamba kuna vipindi inatulia miezi hata mitatu halafu ghafla siku moja anapigiwa simu arobaini na anajua tu tayari imeanza tena. Kuna matapeli wanampigia wanasema mtoto tunaye tuma hela. Kuna watu wanamtukana eti ni mama gani anapoteza mtoto. Na kilichomuumiza kuliko vyote, mwaka jana mwanafunzi mwenzake alimuonyesha huyo binti picha yake mwenyewe kwenye simu akamuuliza kwani wewe uliibiwa? Binti akarudi nyumbani akakataa kwenda shule siku mbili.

Nilimuomba msamaha. Akaniambia "siyo wewe peke yako mwanangu, mnatuma kwa nia nzuri". Hilo neno la nia nzuri limenikaa mpaka leo.

Nimeuangalia tena ule ujumbe mara nyingi tangu siku hiyo na ninachokiona sasa ni neno "leo". Leo ya lini? Tarehe hakuna, mwaka hakuna, jina la shule hakuna, kituo cha polisi hakuna. Neno leo likishakuwa ndani ya ujumbe linakuwa leo kila siku utakapofunguliwa, hata miaka kumi ijayo. Kwahiyo kama kweli umepotelewa na ndugu au hata umepoteza vyeti na unaandika tangazo, andika tarehe kamili na mwaka, na kama unaweza iandike juu ya picha yenyewe isiweze kukatwa kirahisi, halafu akishapatikana rudisha tangazo hilohilo na neno AMEPATIKANA juu yake kwa maandishi makubwa.

Halafu ile mishale. Mimi nilikuwa naiona kama pambo tu. Mshale mmoja maana yake aliyekutumia hakuandika yeye, amefowadi. Miwili maana yake ujumbe umeshapita mikono mingi, angalau mara tano tangu kwa aliyeuanzisha. Ule ukomo wa kufowadi nao una historia yake, mwaka 2018 kule India uvumi wa watekaji watoto ulisambaa kwenye simu na watu wasio na hatia wakauawa na makundi ya watu wenye hasira, ndipo WhatsApp wakaanza kubana, Januari 2019 ikawa mwisho sehemu tano kwa dunia nzima, na Aprili 2020 kipindi cha corona ujumbe wenye mishale miwili ukawa unakwenda sehemu moja moja. Sasa mimi nilichofanya kwa kukopi na kupesti ni kuivua ile mishale. Nilichukua ujumbe wenye alama ya tahadhari nikaufuta alama, nikauweka jina langu ambalo watu wanaliamini, nikawapelekea. Hili ndilo ninaloomba ulishike kuliko mengine yote kwenye makala hii, usikopi ujumbe ili kukwepa ukomo. Ukifowadi fowadi hivyohivyo na mishale yake ili mwenzako ajue haujatoka kwako.

Na tusijifiche nyuma ya "nimetuma kama nilivyopokea". Watu kwenye grupu hawamjui aliyeandika. Wanakujua wewe.

Usiku ule nilirudi kusafisha. Kufuta kwa wote inawezekana ndani ya siku mbili na kidogo hivi, kwahiyo nilifuta kote, ila kufuta peke yake hakusaidii sana, wanaona tu kwamba ujumbe umefutwa na wale walioshauchukua wanaendelea nao. Ikabidi niandike marekebisho kwenye magrupu yote kumi na moja, kwamba nimeongea na mama, mtoto alipatikana zamani, tafadhali futeni na muwaambie mliowatumia. Kwenye grupu moja lina watu zaidi ya mia mbili, tangazo lilikuwa limepata emoji za kulia na kusali nyingi sana. Marekebisho yalipata dole gumba sita.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hii imepimwa. Watafiti wa chuo cha MIT walichapisha mwaka 2018 kwenye jarida la Science, wakafuatilia habari kama 126,000 zilizosambazwa Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017, wakakuta habari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi kusambazwa kuliko ya kweli, na ya kweli inachukua kama mara sita ya muda wa ile ya uongo kuwafikia watu 1,500. Na walipoondoa zile akaunti za roboti kwenye hesabu matokeo hayakubadilika, yaani ni sisi, ni vidole vyetu. Uongo unakuwa mpya na wa kushtua, marekebisho yanakuwa baridi. Ndio maana nasema ukikosea andika marekebisho kwa sauti ileile uliyotumia kueneza, mahali palepale, siyo kufuta kimyakimya.

Picha angalau zina njia. Tangu 2011 Google wanaruhusu utafute kwa picha badala ya maneno, na siku hizi kwenye simu unatumia Lens, unabonyeza unaona picha ilishawahi kutokea wapi. Kuna ile ya papa anaogelea kwenye barabara iliyofurika pembeni ya gari, pengine umeshaiona, ilianza 2011 kwenye kimbunga Irene ikaambiwa ni Puerto Rico, ikarudi 2017 ikaambiwa ni Houston, kumbe huyo papa amekatwa kutoka picha iliyochapishwa 2005, akiwa baharini anamfuata mtu kwenye mtumbwi. Ila Lens haimalizi kila kitu, picha ikiwa mpya kabisa au imetengenezwa na akili bandia hutakuta kitu, na kutokukuta kitu siyo ushahidi kwamba ni ya kweli.

Sauti ndio ngumu zaidi. Ile ya "jamani nina ndugu yangu yuko ndani kabisa, ameniambia nisiwaambie ila nawaambia kwa sababu nawapenda". Huwezi kuitafuta popote. Msimamo wangu sasa hivi ni kwamba sauti isiyo na jina la anayeongea na tarehe haitoki kwenye simu yangu, hata kama inasema nchi inaungua.

Picha za ajali sitaziongelea sana, ndugu wa marehemu wanasoma magrupu kama wewe, basi.

Linalowasumbua wengi ni kuwarekebisha wakubwa. Ukimjibu mama mdogo au shangazi mbele ya ukoo wote kwamba ametuma uongo umemvunjia heshima na kesho atatuma tena na hatakusikiliza. Mimi huwa naenda inbox. Juzi niliandika "Shikamoo shangazi, ile sauti ya dawa uliyotuma nimeifuatilia, wenyewe walishaikana, naogopa mtu asije akaacha dawa zake za hospitali, unaweza kuifuta tafadhali?" Akajibu "Marahaba mwanangu, sikujua, nilitaka kuwasaidia", akaifuta, na akaandika mwenyewe kwenye grupu kwamba ile siyo ya kweli. Sasa hivi ananitumia vitu kwanza ananiuliza hii vipi, na kuna siku ananitumia kitu cha kweli kabisa nikamwambia hii peleka shangazi.

Mwezi uliopita ile picha ilirudi. Grupu la wazazi, saa moja asubuhi, sweta ileile, "amepotea leo", mishale miwili. Tayari watu wanne walikuwa wameandika Mungu amrudishe salama. Nikaandika kwamba mtoto huyu alipatikana zamani na yuko kwao, tafadhali msipige hiyo namba wala msiitume, futeni. Mzazi mmoja akauliza una uhakika gani.

Nikamjibu nimeongea na mama yake.