Kazi ya kutunza mito: nenda kajifunze mahali wanapopima maji

Msomaji kutoka Kilosa ameandika: amemaliza kidato cha nne, anapenda mazingira, ameshiriki kampeni za kupanda miti, na sasa anataka kazi ya kuhifadhi mito. Aanzie wapi? Ujumbe wa namna hii huingia kila matokeo yanapotoka, na jibu halibadiliki. Jishikize chini ya mtu anayeifanya kazi hiyo, ujifunze kwa mikono. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua mahali ambapo mto unapimwa, achana na mahali ambapo unapigwa picha tu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Vijana wengi wakisikia uhifadhi huona magwanda. Askari wa TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori) na TFS (misitu) wako kwenye jeshi la uhifadhi, na vyuo vinavyotajwa sana huko ni Pasiansi kule Mwanza, Mweka kule Kilimanjaro na Olmotonyi kule Arusha. Ni njia nzuri, lakini ni njia nyingine. Mto unaopita katikati ya mashamba ya mpunga, machungio na vijiji unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde. Tanzania ina mabonde tisa: Pangani ofisi yake iko Moshi, Rufiji iko Iringa, Wami/Ruvu iko Morogoro, Ziwa Victoria iko Mwanza, na mengineyo. Wewe wa Kilosa, maji yako ni ya Wami/Ruvu. Chini ya bodi kuna Jumuiya za Watumia Maji, zinazotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Huko kwenye jumuiya ndiko kazi nyingi ya mikono ilipo, na ndiko watu wachache huomba.

Milango ya kuingilia si mingi. Mwanafunzi wa Chuo cha Maji, Ubungo, hasa wa haidrolojia (elimu ya mwenendo wa maji) au maabara ya ubora wa maji, hutoka kwenda fildi na anaweza kuomba kupangiwa ofisi ya bonde. Mhitimu anaweza kujisajili kwa Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA) kwa mafunzo ya uzoefu wa kazi. Mpango wa uanagenzi wa Ofisi ya Waziri Mkuu umejengwa zaidi juu ya fani kama uashi, ufundi magari na ushonaji, lakini usiudharau: fundi mwashi anayejua kujenga banio (kizuizi cha kugeuzia maji ya mto kwenda mfereji) lisilovuja hutafutwa na kila jumuiya yenye mifereji. Asiye na chochote kati ya hivyo aende kwa katibu wa jumuiya ya karibu na barua ya mtendaji wa kijiji, aombe kujitolea. Posho huenda isiwepo. Panga nauli na chakula mapema, kwa sababu wengi huacha mwezi wa pili kwa njaa, wala si kwa uvivu.

Sasa kazi yenyewe.

Utaanzia kwenye geji. Ni mabati yenye alama za sentimita, kila moja urefu wa mita 1, yamefungwa kwenye nguzo zinazopanda ukingo kama ngazi: la chini linasoma 0 hadi 1, linalofuata 1 hadi 2. Kosa la kwanza la kila mgeni liko hapa. Maji yameshapanda bati la pili, yeye anaandika 0.43 badala ya 1.43, na mafuriko yote yanapotea kwenye kumbukumbu. Kosa la pili ni mawimbi: soma pale maji yanapopanda na pale yanaposhuka, chukua katikati. La tatu ni takataka. Magogo na majani yakijikusanya kwenye nguzo huinua maji sentimita kadhaa, kwa hiyo ondoa kwanza, subiri maji yatulie, soma, kisha andika kwamba uliondoa. Vipimo huchukuliwa saa zile zile kila siku, kwa kawaida asubuhi na tena alasiri. Tumia penseli na daftari gumu. Wino wa kalamu ukilowa, siku yako imekwenda na maji.

Usibuni namba. Wapo wanaokaa nyumbani kiangazi kizima wakinakili ya jana, wakidhani hakuna atakayejua. Afisa wa bonde anajua. Kiangazi mto hushuka taratibu, hauwezi kukaa pale pale wiki mbili halafu uporomoke siku moja. Na masika namba zako zitalinganishwa na mvua na kituo cha juu yako. Daftari la kubuni ni baya kuliko daftari tupu, maana juu yake watu hugawana maji. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo ubishi wa nani anayechukua maji mangapi kule juu haujaisha. Ubishi kama huo hauamuliwi kwa hisia. Kijana anayecheza na namba hizo asijiite mhifadhi.

Kina peke yake hakisemi ni maji kiasi gani yanapita. Hilo hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato wa mto kwa kasi yake, na njia ya kwanza ya kujifunza ni kitu kinachoelea. Chungwa linafaa, kwa kuwa huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Jani kavu litakudanganya. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na mawe, pima mita 20, tupia chungwa mita chache juu ya alama ya mwanzo ili lishike kasi kabla ya kuanza kuhesabu. Rudia kushoto, katikati na kulia. Tuseme upana ni mita 6, wastani wa kina mita 0.4: mkato ni mita za mraba 2.4. Chungwa limetumia sekunde 25, yaani mita 0.8 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 0.68. Jibu ni kama lita 1,630 kwa sekunde. Wengi husahau hiyo 0.85 na kuupa mto maji usiyokuwa nayo.

Ofisi ya bonde itakuwa na kipima kasi chenye pangaboi. Hapo kamba hupitishwa ng'ambo, mto unagawanywa vipande 20 au zaidi, na kila kipande kinapimwa kina na kasi. Kwenye maji mafupi, chini ya sentimita 75 hivi, unapima sehemu moja: asilimia 60 ya kina kutoka juu. Kwenye marefu unapima asilimia 20 na 80, unachukua wastani. Simama pembeni ya kifaa na nyuma yake, usisimame mbele, la sivyo unapima kasi ya maji yaliyokwishagonga miguu yako.

Kabla ya kuingia, zidisha kina cha maji, kikiwa katika mita, kwa kasi yake, ikiwa katika mita kwa sekunde. Jibu likikaribia 1, usiingie, na mwenye mwili mwepesi aogope hata mapema zaidi. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Kwenye maji yaliyotuama yenye konokono kuna kichocho. Vaa mabuti, na upime afya kila baada ya muda. Ukiwa na kidonda au mipasuko mguuni kaa nje, maana mkojo wa panya ndani ya maji ndio huleta homa ya mgunda, ile iliyothibitishwa Lindi mwaka 2022.

Halafu kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya umbali huo kutoka ukingoni. Futi kamba ivutwe usawa, isifuate mteremko, kwa sababu mteremko mkali unakula mita kadhaa na bikoni ya mpaka itakaa mahali pasipo pake. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya miti huzidi hapo. Usiitumie peke yake pale mpaka unapopita katikati ya kinyungu (bustani ya bondeni) cha mtu. Mwanafunzi huna mamlaka ya kung'oa zao la yeyote. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, toa shikamoo zako, eleza, andika, rudi ofisini. Mzee aliyelima bondeni miaka yote hiyo anajua mto ulifika wapi mafuriko ya mwisho, na atakuonyesha kama ukimheshimu.

Upandaji miti nao una ufundi wake. Mikaratusi isipandwe kando ya chanzo, inakunywa mno. Mkuyu hauhitaji hata kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche: kata kipande cha mita 1.5 chenye unene wa kifundo cha mkono, kizike nusu mita mvua zinapoanza. Miche ya kitalu hutaka debe 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza na 1 ya mchanga, kisha ipunguziwe maji na kivuli wiki chache kabla ya kwenda shambani. Inayokufa mara nyingi imepandwa na kiriba chake, au imepandwa siku mgeni rasmi alipopata nafasi, udongo ukiwa mkavu. Pale ukingo unapomeguka, panda nyasi za vetiva kwa mstari unaofuata usawa, vichipukizi vitatu kila shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo. Wakiacha nafasi ya nusu mita ili kuokoa miche, maji hupita katikati na kuchimba pale pale.

Barua ya maombi iandike kwa mkuu wa ofisi ya bonde, ukurasa mmoja: mto gani unaoujua, unaweza kufanya nini, kuanzia lini hadi lini. Acha maneno ya "nina shauku kubwa ya mazingira". Peleka miezi mitatu kabla, kwa kuwa nafasi za fildi za Julai hadi Septemba hujaa mapema. Ambatisha nakala ya vipimo vya chungwa vya mto wa kijijini kwako, vya wiki nne, vyenye tarehe na saa. Kilosa mto hauko mbali.