Barua kwa Mwanangu: Usikifunike Kitabu Chako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliipata juzi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka kando mpaka nitakapotulia, maana swali lako nililiona si la kujibiwa kwa haraka. Salamu zako nimemfikishia mama yako, naye anakusalimu sana.

Umenieleza kwamba mwenzako kazini alikukuta wakati wa mapumziko unasoma riwaya ya vijana, akakuuliza mbele ya watu kama umekosa vitabu vya watu wa rika lako. Tangu siku hiyo kitabu unakisoma ukiwa umekifunika kwa gazeti. Ukaniuliza: "Baba, mtu wa miaka 29 akisoma riwaya walizoandikiwa wanafunzi wa sekondari anajipotezea muda? Au humo ndani kuna kitu cha mtu mzima pia?"

Kipo, mama. Najua kipo kwa sababu kitabu cha aina hiyo ndicho kilichonirudisha kwako usiku mmoja ambao pengine wewe umekwisha kuusahau.

Ulikuwa na miaka 16. Uliaga kwamba utarudi kabla ya giza kuingia, ukarudi karibu na saa sita usiku. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kinachotazama mlango, na kwa muda wote ule nilikuwa nimekwisha kukuzika kichwani mara kadhaa. Ulipofungua mlango ukiwa mzima, badala ya kushukuru nikafoka. Nilisema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mwanawe. Hukunijibu. Ulinitazama tu, ukapita, ukafunga mlango wa chumba chako polepole. Ungeubamiza ingeniuma kidogo kuliko vile.

Usingizi haukuja. Juu ya meza ndogo ulikuwa umeacha kitabu, umekilaza kifudifudi, mgongo wake umekunjwa mpaka umepasuka. Nilikichukua ili mikono yangu ipate kazi. Kilikuwa The Outsiders, cha S. E. Hinton. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa msichana aliyeanza kukiandika akiwa na miaka 15, na kilipochapishwa mwaka 1967 alikuwa na miaka 18. Usiku ule sikujua lolote. Nilidhani ni kitabu cha watoto kupigana mitaani, na kweli kupigana kumo.

Msimulizi ni Ponyboy, kijana wa miaka 14. Wazazi wake wamefariki kwa ajali ya gari, anaishi na kaka zake wawili. Mkubwa wao, Darry, ana miaka 20. Katika sura ya tatu Ponyboy anapitiwa na usingizi huko nje akiwa na rafiki yake, anashtuka usiku umekwisha kwenda, anafika nyumbani saa nane. Darry yuko kitini, macho makavu, anamngojea. Anamfokea. Maneno yanapanda, na mwisho wake Darry anampiga kofi. Kijana anatoka mbio gizani, na msiba wote wa kitabu kile unaanzia pale.

Nilikifunga kitabu. Nikatazama kiti nilichokalia. Nikakifungua tena, na sikukiweka chini mpaka alfajiri.

Nimelifikiria sana jambo lililonipata pale, na nadhani jibu la swali lako limo humo. Wewe ulipokisoma kile kitabu, bila shaka ulikisoma ukiwa upande wa Ponyboy. Ulikuwa umri wako, na dhulma ile uliijua. Ponyboy ana hakika kwamba kaka yake hampendi, kwamba anamwona mzigo. Anatwambia hivyo tena na tena, na kijana anayesoma anamwamini. Mimi sikuweza kumwamini. Nilichokiona ni kijana wa miaka 20 aliyeacha ndoto ya kwenda chuo, anayepanda juu ya mapaa ya watu kuezeka, anabeba mizigo inayomvunja mgongo ili wadogo zake wasichukuliwe wakatenganishwa. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na sijaona mahali msemo huo ulipovaa mwili kama kwa Darry. Hana aliyemfundisha kulea. Hofu imemjaa, nayo inatoka mdomoni ikiwa hasira, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kuitoa.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mambo haya yote yameandikwa wazi. Kazi ngumu ya Darry imo. Uchovu wake umo. Kukesha kwake kumo. Msimulizi mwenyewe ndiye anayetwambia, ila hajui maana ya anachokisema. Msomaji mtu mzima anaujua upendo wa Darry sura kadhaa kabla ya Ponyboy kuujua, na anasoma roho mkononi, akitaka kumshika mtoto bega amwambie: tazama vizuri. Kisha inafika sura ya sita, hospitalini. Darry amesimama mlangoni, mikono mifukoni, hasemi neno. Ponyboy anamtazama usoni, anaona machozi ya mtu ambaye hakulia hata siku ya kuwazika wazazi wao. Ndipo anapoelewa kwamba kaka yake alikuwa anaogopa kumpoteza mtu mwingine tena.

Nilipofika hapo nililia, mwanangu. Kulipopambazuka nikakugongea mlango nikakuomba radhi, nikakwambia kwamba nilifoka kwa sababu niliogopa. Uliniuliza maneno yale nimeyatoa wapi, maana hayakuwa maneno yangu ya siku zote. Nilikwepa kujibu. Niliyatoa kwenye kitabu chako.

Sasa, huyo mwenzako anadhani kwamba kitabu kilichoandikiwa kijana kinamfaa kijana tu, kama viatu. Hapo ndipo anapokosea. Riwaya nzuri ya vijana kwa kawaida haisimuliwi na mtu aliyekwisha kuvuka mto akawa anauangalia kutoka ng'ambo. Anayesimulia bado yumo majini. Hana busara ya baadaye wala hajui kama atatoka. Kijana akisoma anapata mwenzake wa safari. Mtu mzima akisoma anapata mawili kwa pamoja: anarudishwa mahali ambapo alikwisha kusahau kulivyo, na wakati huo huo anajua mambo ambayo msimulizi hayajui. Katika nafasi hiyo, kati ya anachokijua mtoto na unachokijua wewe, mna hadithi nyingine nzima ambayo mtoto wa miaka 14 haioni. Haikuandikwa kwa maneno mengine. Ni maneno yale yale.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana anaisoma akienda pamoja na Kongowea, mhusika mkuu, katika kumtafuta baba asiyemjua, na anataka tu kujua kama atampata. Mimi nilipoirudia nikiwa na mvi, kila ukurasa nilikuwa namuulizia yule baba ambaye hayupo. Kitabu hakikubadilika hata herufi.

Tena usidhani kwamba mambo ya ujanani yanaishia ujanani. Watu husema riwaya hizi ni za "mara ya kwanza": kupenda mara ya kwanza, kufiwa mara ya kwanza, kugundua mara ya kwanza kwamba mtu mzima uliyemwamini amekudanganya. Ni kweli. Lakini mimi niliyestaafu ndiyo kwanza najifunza kuamka asubuhi bila kazi ya kwenda, na swali ninaloamka nalo ni lile lile la mtoto wa miaka 15: mimi ni nani sasa? Mama yako alipompoteza dada yake alikuwa na miaka 54, na kufiwa ndugu wa tumbo moja kulikuwa kugeni kwake kama kungekuwa kwa mtoto. Vitabu vya watu wazima vinayajua haya pia, na baadhi vinayasema kwa kina zaidi. Ila vingi vinamchukulia msomaji kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mwandishi wa vijana hana ruhusa ya kudhani hivyo. Lazima alieleze jambo kana kwamba halijawahi kumtokea mtu, na kuna nyakati ndivyo hasa mtu mzima anavyohitaji kuelezwa.

Hilo neno "vijana" lililoandikwa kwenye jalada nalo usilipe uzito kuliko linavyostahili. Mara nyingi ni uamuzi wa mchapishaji anayefikiria rafu ya duka. Riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, ilipotoka Uingereza mwaka 2003 ilichapishwa kwa majalada mawili kwa wakati mmoja, moja la watu wazima na moja la vijana. The Book Thief ya Markus Zusak ilitolewa Australia kama kitabu cha watu wazima, na ilipofika Marekani ikawekwa kwenye rafu ya vijana. Na The Catcher in the Rye ya mwaka 1951 iliandikiwa watu wazima, vijana wakaichukua wakaifanya yao. Jiulize mwenzako angekucheka kwa jalada lipi.

Wala huko peke yako. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker ilitoa utafiti wa soko la vitabu Marekani, ukaonyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wengi wao walisema wananunua wasome wenyewe. Sikwambii hivi ili uone kwamba wingi ni hoja. Nakwambia ili ujue wako wangapi waliokaa na gazeti juu ya kitabu.

Lakini nisikudanganye, kwani hujaniuliza ili nikubembeleze. Wako wakosoaji wanaosema riwaya hizi zinamzoesha mtu mzima utamu wa upesi: mwema anashinda, mpenzi anapatikana, kila fundo linafunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa baadhi ya vitabu wanasema kweli kabisa. Niliwahi kuanza mfululizo wa vitabu vitatu ambao hadithi yake ingetosha kurasa mia, msichana anasuasua kati ya wavulana wawili mpaka unachoka kwa niaba yake. Nilikimaliza cha kwanza, nikakianza cha pili, nikakiacha. Hapo nilijiona nimepoteza muda, na sioni sababu ya kukuficha.

Ila kusema kwamba zote zinaishia kwa tabasamu ni kutozisoma. The Chocolate War ya Robert Cormier, ya mwaka 1974, inamhusu mvulana anayekataa kuuza chokoleti za shule yake, na kwa kukataa huko anasimama peke yake dhidi ya shule nzima. Wachapishaji kadhaa walimtaka Cormier abadilishe mwisho. Alikataa. Mvulana yule anapigwa, anavunjika, na neno analotaka kumwambia rafiki yake mwishoni ni kwamba asithubutu kusimama kama yeye alivyosimama. Ni mwisho mchungu, na nimesoma riwaya nyingi za watu wazima zisizothubutu kumwacha msomaji mahali kama pale.

Mimi nina kipimo changu, nacho hakihusiani na umri ulioandikwa nyuma ya kitabu. Natazama watu wazima waliomo ndani. Katika riwaya dhaifu ya vijana, mzazi ni mjinga, au ni mkali bila sababu, au ameuawa ukurasa wa pili ili asiwe njiani. Mwalimu ni sauti ya kupiga kelele tu. Katika riwaya nzuri, mtu mzima ana sababu zake hata anapokosea, na ukimfuata yeye peke yake utapata maisha kamili. Wazazi wa Ponyboy wamekufa kabla hadithi haijaanza, lakini kufa kwao kumekaa mabegani kwa Darry katika kila tukio. Mwandishi wa miaka 15 aliliona hilo. Wakati mwingine nikilikumbuka naona aibu kwa jinsi tunavyowadharau watoto wa umri ule.

Kwa hiyo soma. Changanya tu, usikae kwenye rafu moja, kama ambavyo nisingependa ukae kwenye riwaya za wazee peke yake. Na huyo mwenzako usibishane naye. Muulize kwa wema alikuwa anasoma nini alipokuwa na miaka 15, kisha mwache aongee. Huenda hakuwa na kitabu. Huenda alikuwa nacho akakiacha kwa sababu kuna mtu alimwambia neno kama lile alilokwambia wewe.

Pamoja na barua hii nakuletea kitabu chako. Hukukiulizia, nami sikukurudishia. Kimekaa kwenye kabati langu miaka yote hii, na mgongo wake nimeugundisha kwa gundi. Ukifika sura ya sita utakuta kipande cha karatasi. Nilikiweka alfajiri ile kabla ya kuja kukugongea, na sijakitoa. Soma tena kuanzia mwanzo, ila safari hii mfuate Darry, halafu uniandikie.

Ni mimi baba yako,
nikupendaye