Kelele zikipoa, ndoo iko kwa nani?
Dada, umeuliza kama kelele za 2017 kuhusu Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu wa Marekani aliyetuhumiwa kuwanyanyasa wanawake kingono, zimebadilisha kitu. Kidogo. Alipatikana na hatia New York 2020, hukumu ikatenguliwa 2024. Huku kwetu Mwanza sheria ilitangulia: rushwa ya ngono ni kosa tangu 2007, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa. Ila shuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri uone. Mama kashika ndoo na hela ya mkopo, mwenye mtumbwi ndiye anaamua nani apimiwe dagaa kwanza. Mwenye mtumbwi mmoja alisemwa mbele za watu kwa kudai ngono ndipo apime, akahamia mwalo mwingine, basi. Kilichosaidia ni kina mama watano kuchanga wakanunua mtumbwi (injini bado ya kukodi). Sasa wanajipimia wenyewe.