Mto ukijaa usiku, hospitali yako ni ipi?

Juzi kaka mmoja wa Mburahati, hapa Dar, kanitumia meseji, mkewe ana miezi minane, mvua ndo hizi, anauliza akodi gari gani likae tayari kumpeleka Muhimbili, ng'ambo ya mto. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana 2018 huyo nilikuwa mimi.

Masika yale mdogo wangu alishikwa uchungu saa nane usiku, Magomeni. Nesi wa zahanati akasema presha iko juu, mpelekeni Mwananyamala sasa hivi. Mimi si ndo dada mkubwa, nikasema hapana, Muhimbili, nina mtu wangu kule. Shemeji akanisikiliza (na hajanisamehe, hata kwenye shughuli ananipa mkono kwa ncha za vidole). Bajaji kufika Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi, maji yashavuka Barabara ya Morogoro, askari na tochi anaturudisha. Tukageuza na wenzetu waliogeuza, foleni, mvua, mdogo wangu kaning'ata mkono, tukaishia Mwananyamala kulekule, lisaa limoja na nusu limeshaliwa. Mtoto akatoka halii. Siku tisa kwenye oksijeni. Leo yuko shule na ana mdomo kama wangu, Mungu mkubwa, ila kile kimya bado nakisikia.

Sasa nisikilizeni. Mto Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, kwa hiyo Jangwani inajaa hata kama kwako halijadondoka tone. Mafuriko ya Desemba 2011 tulisema hatutayaona tena, yakaja ya 2014, yakaja ya 2018, na vuli ya 2023 na elinino yake ilinyesha mpaka tukasahau masika inaanza lini. Hali ya hewa imebadilika, sisi bado tunapanga safari ya leba kama vile Barabara ya Morogoro haifungwi!

Chagua hospitali iliyo upande wako wa mto. Upande wako! Kwa huyu kaka ni Mwananyamala au Sinza Palestina, habari za jina kubwa baadaye. Kadi ya kliniki itie kwenye nailoni, yetu ililowa hadi vipimo havisomeki. Sevu 115, namba ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, ni bure. Na kama una ndugu Pugu, mpigie umuulize huko kunanyesha.

Mkeo akisema kichwa kinamgonga na macho yanaona nyota, huenda ni presha, usingoje mvua ikatike. Na kama humo ndani kuna dada mkubwa anayejua kila kitu, mwachie watoto abaki nao.