Uchafu, taka au mashapo?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu. Mimi ni fundi wa kusubu alumini hapa Kariobangi, Nairobi. Natafsiri mwongozo wa kusubu magnesiamu ili vijana wangu wausome. Unataja namna mbili za vitu vinavyoharibu metali: vinavyoyeyukia ndani yake, na vinavyobaki vipande. Kote nimeandika “uchafu”. Je, nimekosea?

JIBU: Ndugu fundi, kisarufi hujakosea, ila kijana atakayesoma hatajua afanye nini, maana kuna uchafu usioenguliwa wala kuchujwa. Chumvi ikimwagika kwenye chai, hakuna chujio litakaloitoa. Mchanga ukiwa kwenye wali, utausikia jinoni punje kwa punje.

Naomba “uchafu” ubaki kwa kile kilichomumunyika. Ni nomino isiyohesabika, swali lake ni “kiasi gani?” Ndivyo chuma, nikeli na shaba zinavyopimwa ndani ya magnesiamu. Katika AZ91D, aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu inayotumika sana, chuma hakitakiwi kuzidi asilimia 0.005, yaani gramu 5 katika kilo 100. Nikeli ni gramu 2 tu. Vikizidi hapo, kipuri huliwa upesi kikikutana na maji ya chumvi, hata kama kilitoka kwenye kalibu kinang'aa.

Vile vipande viite “chembe za taka”. Hizo huulizwa “ngapi?” na “ziko wapi?” Ni magamba ya oksaidi yanayojiunda metali ya moto inapoguswa na hewa, au masalia ya chumvi za kusafishia. Gamba moja likinaswa penye wembamba, ufa unaweza kuanzia hapo hapo. Masalia ya chumvi hizo, zile za kloraidi, nayo hufyonza unyevu wa hewa, metali ikaanza kuliwa pale yalipolala.

Kwa taka za metali iliyoyeyushwa wahunzi wana neno la zamani, “mavi ya chuma”, na sioni sababu ya kulionea haya. Shida yake ni kwamba linatufanya tutazame juu ya chungu tu, kana kwamba taka zote huelea. Niliwahi kusimama karibu na fundi wa alumini akiengua: upawa ulipita polepole, utando wa kijivu ukakunjamana mbele yake kama malai ya maziwa. Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini, gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 2.7, kwa hiyo taka zake nyingi huzama. Kilichozama tuna jina lake safi kabisa: mashapo. Tena metali iitwayo manganisi ikitiwa, hushikana na chuma kilichomumunyika, vikashuka pamoja. Uchafu umegeuka mashapo ndani ya chungu kile kile! Ukiwa na neno moja tu, utalielezaje tukio hilo?

Halafu, tafadhali, usiite magnesiamu “chuma” kama tunavyozoea mtaani. Utajikuta umeandika “chuma kikiingia kwenye chuma”. Andika “metali”.

Sentensi ya mwongozo wako ningeiandika hivi: “Pima uchafu wa chuma kabla ya kumimina, engua utando wa juu, usitibue mashapo ya chini, kipuri kikipoa, kikague kama kina chembe za taka zilizonaswa.”