Kusini mwa Mexico: nenda Pluma Hidalgo msimu wa kuchuma kahawa

Mkuu mleta uzi, umesema una kikao Oaxaca mwanzoni mwa Desemba, kikiisha unabaki na siku saba, na kila unayemuuliza anakutuma ufukweni. Wewe unataka mji mdogo wa wakulima ambao watalii hawajauzoea. Umeuliza pia kama mtu mweusi mwenye pasipoti ya Tanzania atasumbuliwa. Naweza kukujibu kwa mahali pamoja tu, kwa sababu ndipo nilipokaa: Pluma Hidalgo, milimani juu ya pwani ya Pasifiki. Nilikaa siku sita Januari 2023, na bado napafikiria.

Nianze na sababu iliyonipeleka. Mimi ni mtoto wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, Marangu, Kilimanjaro. Nimekua mikono ikinuka kahawa, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye mibuni ya baba mpaka bei ilipoanguka na baba akang'oa nusu ya shamba akapanda nyanya. Kwa hiyo niliposikia kuna mji wa Mexico ambao umeanzishwa na wakulima wa kahawa, na ambao mpaka leo hauna shughuli nyingine kubwa zaidi ya hiyo, nilitaka kuona wao walifanyaje.

Mji wenyewe umekaa mgongoni mwa mlima, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu ni moja, nyumba zimejipanga huku na huku, na nyuma ya kila nyumba ardhi inaporomoka bondeni. Wilaya nzima ina watu kama elfu tatu. Asubuhi kukiwa na anga safi unaiona bahari kule chini. Kufikia saa saba mchana ukungu umeshapanda, na jirani wa ng'ambo ya barabara humwoni. Wenyeji husimulia kwamba jina Pluma, yaani unyoya, lilitokana na wingu lililokuwa likikaa juu ya kilima kama unyoya. Hidalgo ni yule padri Miguel Hidalgo aliyeanzisha vita vya uhuru wao mwaka 1810.

Kahawa ilifika huko kwa msiba wa zao lingine. Zamani jimbo hili la Oaxaca lilitajirika kwa vijidudu vinavyofugwa kwenye mpungate na kutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Karne ya 19 rangi za viwandani zikaingia sokoni na biashara hiyo ikafa. Wafanyabiashara wa Miahuatlán, upande wa pili wa milima, wakatafuta zao jingine, wakashuka na miche ya kahawa mpaka walipopata udongo na ukungu unaofaa. Miche ile ilikuwa ya Typica, aina ya zamani ya arabika, ikazoea mlima mpaka leo kuna aina inayoitwa Pluma Hidalgo kwa jina la mji. Mwaka 2020 serikali yao ilitoa hati ya asili ya mahali kwa Café Pluma, kwamba jina hilo lisitumiwe na kahawa iliyolimwa kwingine. Sisi wa Kilimanjaro jina letu linauzwa dunia nzima; hebu fikiria maana ya hati kama hiyo kwa mkulima wa ekari moja.

Sasa shamba lenyewe. Usitegemee mistari iliyonyooka. Ni msitu, na mibuni iko chini yake. Mti wa kivuli wanaoupenda zaidi wanauita cuil. Ni wa jamii ya mikunde, una maganda marefu, na ndani ya ganda kuna nyama nyeupe laini kama pamba, tamu, ambayo watoto huila wakitoka shule. Nilisimama chini ya mti ule nikaona mruka na mringaringa wa nyumbani. Kuna ndizi pia, lakini ni chache na zimepandwa pembeni. Nilipowaambia kwamba kwetu mgomba ndio wenye shamba na kahawa ni mgeni wake, mzee mmoja alinifanya nirudie mara mbili.

Wachumaji hutoka vijiji vya Wazapoteki vya milima ya Loxicha, familia nzima, na hukaa shambani mpaka msimu uishe. Wanafunga kikapu kiunoni, wanachuma zile nyekundu tu, na jioni wanapimiwa kwa lata. Lata ni bati, mkuu. Ni debe! Nilipoona mama anamimina kahawa kwenye debe na msimamizi anaigusagusa kwa kiganja ikae sawa, nilijikuta nimenyamaza. Nimewahi kusimama kwenye foleni ile ile nikiwa na miaka tisa, nikiomba kimoyomoyo debe langu lisitikiswe sana.

Nilichuma nao siku mbili. Sikuwa na kasi yao hata kidogo, miteremko ile ni mikali kupita ya kwetu, na ardhi ya chini ya majani ni telezi. Lakini vidole havisahau. Baada ya saa moja bibi mmoja alikuja akatazama kikapu changu, akachambua kidogo kutafuta za kijani, hakuziona, akasema neno kwa Kizapoteki na wenzake wakacheka kwa furaha. Kuanzia hapo niliitiwa chakula pamoja nao.

Chakula ni mahindi. Wanayachemsha na chokaa, wanayalaza usiku kucha, wanayaosha, kisha wanapeleka mashineni alfajiri. Sauti ya mashine ile ndiyo itakayokuamsha. Unga wake mbichi unakandwa na kuwa chapati nyembamba zinazookwa kwenye comal, sahani pana ya udongo. Wanakula na maharage meusi, jibini, pilipili ya kusaga. Omba pia tamale za chepil, mboga ya porini inayochanganywa kwenye unga na kufungwa kwa majani. Kahawa yao ya nyumbani huchemshwa chunguni pamoja na mdalasini na sukari guru. Ukiingia mahali watu wanakula, hata kama huwajui, unasema «provecho», na ukitoka unasema tena. Ni kama sisi tunavyosema «karibu» mtu akitukuta mezani, ila kwao anayesema ni yule anayepita. Usipite kimya, utaonekana hukulelewa.

Kuhusu salamu, ni kama nyumbani. Wakubwa ni Don na Doña, na huanzi na shida yako kabla ya «buenos días». Kihispania changu nilijifunza jikoni huko Texas, ni cha kuungaunga, na kilitosha. Kiingereza usikitegemee.

Mambo mawili yaliyowapata yanaeleza kwa nini mashamba mengi utayakuta yamechakaa. La kwanza tunalijua sote. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wao walikuwa na taasisi ya serikali, INMECAFE, iliyokuwa ikinunua na kutoa pembejeo, nayo ikafungwa miaka iliyofuata. Mzee mmoja alinieleza jinsi wanunuzi binafsi walivyoanza kupanda na malori na kutaja bei wanayotaka. Nilimsikiliza nikiona ghala la chama chetu cha msingi, mlango umefungwa kwa mnyororo.

La pili ni upepo. Oktoba 1997 kimbunga Pauline kilipita juu yao. Ulikuwa mwaka wa El Niño, ule ule uliotuletea mvua zilizokata barabara na madaraja kwetu. Huko kiling'oa miti ya kivuli, na mti ulioanguka uliponda mibuni ya miaka arobaini. Wengi waliondoka, wakaenda kufanya kazi hotelini Huatulco, mji wa kitalii wa pwani, au kuvuka kwenda Marekani. Waliobaki walipanda upya, ikaja kutu ya majani kuanzia 2012, wakapanda tena, wengine kwa aina zinazostahimili kutu. Halafu tarehe 30 Mei 2022 kimbunga Agatha kikaingia nchi kavu hapo chini karibu na Puerto Ángel. Mimi nilifika miezi minane baadaye, na makovu ya maporomoko yalikuwa bado mekundu milimani. Mwanamke mwenye nyumba niliyopanga aliniambia barabara waliifungua wenyewe kwa majembe na mapanga, kwa tequio. Tequio ni msaragambo: kila kaya inatoa mtu, hakuna malipo, na asiyekuja anajulikana.

Nilimuuliza kwa nini hawakuacha. Alinijibu kwamba mibuni inachukua miaka minne kuzaa, kwa hiyo kila mwaka kuna iliyobakiza mwaka mmoja, na huwezi kuondoka ukaiacha ile.

Sasa njia. Kutoka mji wa Oaxaca una chaguo mbili. Ya zamani ni barabara ya 175 kupitia Miahuatlán na San José del Pacífico hadi Pochutla, mji wa chini karibu na pwani, kama saa sita kwa basi dogo, kona tupu. Chukua dawa ya kichefuchefu kabla hujapanda, wala usijipime uanaume hapo. Faida yake ni kwamba unavuka milima yote: misonobari na baridi kali juu, halafu unashuka mpaka joto la minazi. Ya pili ni barabara mpya ya Puerto Escondido iliyofunguliwa Februari 2024, ambayo imepunguza safari ya kufika pwani hadi saa mbili na nusu au tatu, kisha unafuata pwani mpaka Pochutla. Wakati wangu haikuwepo. Ukija kwa ndege moja kwa moja, shukia Huatulco.

Pochutla ndipo utoe pesa taslimu za siku zote utakazokaa, kwa sababu huko juu utalipa kila kitu kwa noti, na ndogo ndogo. Kisha unatafuta pikapu zenye turubai na mabenchi mawili nyuma, abiria mnakaa mkitazamana na magunia katikati. Safari ni kama saa moja na ushee. Beba sweta, hata kiangazi ukungu wa pale unalowesha nguo.

Malazi ni vyumba vichache vya mjini na baadhi ya mashamba yanayopokea wageni. Mimi nilimuuliza mama wa duka la mkate, akamtuma mwanawe anipeleke. Kaa angalau usiku tatu. Wanaokuja wengi hupandishwa kutoka hoteli za pwani asubuhi, wanaonjeshwa kahawa, wanashushwa jioni. Hao hawajaona kazi, na kazi ndiyo mji wenyewe. Wewe unakwenda Desemba, mavuno yameshachanganya. Yanaanza Novemba na kuendelea hadi Februari au Machi kutegemea mwinuko.

Kuhusu pasipoti: ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya Schengen, Mexico inakuruhusu kuingia kama mtalii bila kuomba viza yao. Kama huna, anza maombi mapema.

Na kuhusu ngozi, nitakueleza lililonipata bila kulipunguza. Mjini Pluma watu walinitazama, watoto walinifuata, waliniuliza kama natoka Kuba au Costa Chica, na hapakuwa na ubaya. Costa Chica ni pwani ya magharibi zaidi, upande wa Pinotepa, ambako wako Wamexico weusi, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani enzi za Wahispania. Katiba yao ilianza kuwatambua kwa jina mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu wanaojitambua hivyo nchi nzima. Lakini kwenye barabara ya pwani, wakati narudi, gari letu lilisimamishwa kwenye kizuizi cha ukaguzi. Abiria wote waliachwa wamekaa, mimi peke yangu nikashushwa. Njia hiyo hupitiwa na wahamiaji wanaopanda kutoka kusini, wakiwemo Wahaiti na Waafrika, na mtu mweusi anadhaniwa mmoja wao. Nilikuwa na nakala tu mkononi, pasipoti iko chini ya begi juu ya paa. Dakika arobaini juani, wenzangu wakinisubiri. Iliniuma, na iliniuma zaidi nikiwafikiria wale wasio na pasipoti yoyote ya kuonyesha. Wewe tembea na pasipoti yenyewe mfukoni, pamoja na karatasi au muhuri wa kuingilia, kila unapopanda gari.

Acha pia siku moja ya ziada kabla ya ndege yako. Oaxaca wananchi wakiwa na dai hufunga barabara, na hapo hakuna njia ya mkato, unasubiri.

Jambo la mwisho, ambalo hakuna aliyenishauri na ningependa ulifanye. Chapisha picha kadhaa za nyumbani, za karatasi. Mimi nilikuwa na moja tu kwenye pochi, ya mama yangu akigeuza kahawa kichanjani, kanga kiunoni, mlima nyuma yake. Nilimwonyesha mwenye nyumba wangu jioni ya mwisho. Aliitazama muda mrefu. Hakuuliza kuhusu mlima wala theluji. Aliuliza kwa nini tunaanika juu ya meza na wao wanaanika chini kwenye sakafu na mikeka, na kama hatupati ukungu wa kuozesha. Tuliongea habari ya vichanja mpaka taa ikazimwa, nikimchorea vipimo nyuma ya risiti: upana, urefu wa miguu, nafasi ya kupitisha upepo.

Picha nilimwachia. Mwaka jana mwanawe alinitumia yake kwa simu: kichanja kimoja cha mbao nyuma ya nyumba, kimepinda kidogo upande wa kushoto, kimejaa kahawa.