Maswali yenu: Ndege wanatoka weusi mu foto

*Yaya, jambo. Kila siku ya posho asubuhi natoka na tonton mu gari yake, tunaenda Likasi kuchukua makala. Niko na aparei ya Canon na objektifu ya 75-300. Njiani ndege ni mingi, mwewe, yangeyange, na vile vidogo vya kijani vinakaaga ku waya. Tonton hapendi kusimama, anapunguza tu mwendo anapiga klaksoni ili waruke, na mi napiga foto. Zote zinatoka nyeusi, ama ukungu, ama mkia tu. Rafiki ananiambia objektifu ni mbovu nitafute ya 600. Ni kweli? (Msomaji wa Kampemba)*

Mdogo wangu, usinunue kitu kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili juu ile barabara naijua vizuri.

Tuanze na weusi, juu hapo objektifu haina kosa. Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi unaelekea kaskazini-magharibi, na sisi huku tunatembezea kuume, kwa hiyo dirisha ya upande wa pori inaangalia kaskazini-mashariki, na asubuhi ya kiangazi jua linachomoza kule kule. Ndege akiwa kati yako na jua atatoka kama kivuli, hata uwe na aparei ya bei ya nyumba. Jaribu wakati wa kurudi, jua likianza kushuka, hapo upande wako unaangalia kusini-magharibi na mwanga unakuja toka mkono wa kuume, si usoni, na manyoya yanaonekana moja moja.

Sasa gari. Muombe tonton asimame, lakini asimame kabisa na azime moteri, na kama siku hiyo hataki basi aparei ibaki mu sakoshi. Kwa milimita 300 hata moteri ikiwaka tu bila kutembea, ule mtetemo unafika mu foto. Halafu kuna kitu kimoja wengi hawakijui, ndege haogopi sana gari, anaogopa umbo la mtu. Gari ikisimama dakika kumi, kwake inakuwa kama jiwe, lakini fungua mlango, weka mguu mmoja tu inje, wote wameenda. Kwa hiyo dirisha unaishusha mbele ya kufika, yote, usipige kupitia kioo, na unabaki ndani kimya. Kama gari ya tonton ni zile za Japani zenye volani kuume, dereva ndiye anakaa upande wa pori, basi mkishasimama mubadilishane viti. Na ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, msiwashe joto mu gari, juu hewa ya moto ikitoka kwa dirisha kukutana na baridi inacheza mbele ya objektifu na foto inakuwa kama iko ndani ya maji.

Klaksoni, tafadhali, acheni. Imeniuma kusoma hiyo. Ndege mwenye kushtuka anakukimbia, ndiyo maana unapata mkia, na anamaliza nguvu alizozihitaji kwa kutafuta chakula, na kama kiota kiko karibu mayai yanabaki bila mama. Mungoje aruke mwenyewe. Ndege anaruka akielekeza kifua kwa upepo, sawa na avioni pale Luano, na kiangazi upepo wetu unatoka sana kusini-mashariki, kwa hiyo unaweza kujua ataenda wapi mbele hata hajaenda. Mwangalie tu: anainama kidogo, mara nyingi anaachia choo, kisha mabawa yanafunguka. Ukiona choo, kidole kiwe tayari kiko pale.

Aparei uiweke kwa Tv (pale unachagua mwenyewe mwendo wa kupiga), 1/2000 ya sekunde kwa mwewe na yangeyange, 1/3200 kwa mbayuwayu na vile vya kijani (ni keremkerem), ISO (nguvu ya aparei kushika mwanga) iachie otomatiki, fokasi kwa AI Servo (inafuata ndege akitembea), na rafali, foto nyingi moja kwa moja. ISO ikipanda sana usiogope, chembechembe zinasameheka, ukungu hausameheki. Anza na zumu ya 100 hivi, umpate ndege, halafu ndiyo uvute, juu ukianza na 300 utatafuta mbingu tupu. Kata pia mguu wa suruali ya jini ya zamani, jaza maharagi nusu, shona, weka ku dirisha upumzishe mkono wakati unangoja. Akiruka, inua aparei, fuata kwa mabega si kwa mikono tu.

Mwezi wa nane na wa tisa, pori likiungua, mwewe wanakuja wengi mbele ya moto kukamata panzi, na hapo wanazunguka pahali pamoja muda mrefu, hakuna shule nzuri kuliko hiyo. Simameni upande upepo unakotoka, moshi usiwafikie. Ila moto msiuwashe nyinyi.

Na msisimame pembeni ya lami, makamyo ya shaba hayana huruma, ingieni mu kanjia ka udongo. Ku peaji na penye askari aparei iko chini ya kiti.

*Yaya, mi nilienda ziwa la Tshangalele, yangeyange wanatoka weupe tu kama karatasi, manyoya hayaonekani. (Msomaji wa Ruashi)*

Aparei inaona maji na majani meusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ndege anaungua. Punguza mwanga kwa kile kipimo cha +/− cha aparei, −2/3 ama −1. Kwa mwewe juu ya mbingu nyeupe ni kinyume, ongeza +1. Lile ziwa limetoka kwa barajwa (ukuta wa kuzuia maji) ya Mwadingusha, 1930, na ukikaribia barajwa yenyewe geuza objektifu kwa maji, walinzi hawataki maelezo ya ndege.